Joto la Kaskazi na Haki ya Wazee Wetu

 

Ndugu zetu Waislamu, kila mtu wa mwambao ajua kwamba kaskazi ikaribiapo kwisha, mwezi wa Februari na wa Machi, kabla ya mvua za masika, ndipo joto letu lizidipo. Mchana hufika digrii 32 au 33, na mtu asiyeijua Mombasa akizisikia hesabu hizi aweza kusema si kitu, kwani ziko nchi zifikazo 45. Mtu huyo hajalala katika chumba cha bati usiku usio na upepo, nguo imegandamana na mwili na jasho lamtiririka wala halikauki. Joto letu ni joto lenye unyevu, na jasho halimpozi mtu mpaka likauke. Likibaki mwilini kama maji, mwili huwa umepoteza maji yake bure.

Na Ramadhani, kama ijulikanavyo, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi. Mwaka 2024 na mwaka 2025 sehemu kubwa ya mwezi huu mtukufu iliangukia Machi. Baada ya hapo huingia Februari, kisha Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa saumu zetu zimo ndani ya kaskazi. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kusema neno juu ya wazee wetu na joto hili, na twaanza kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe.

Katika darsa yetu yuko mzee mmoja ambaye umri wake wapita miaka sabini na mitano. Ana maradhi ya presha, na miongoni mwa dawa zake ni vidonge vya kutoa maji mwilini. Katika mojawapo ya Ramadhani hizi za Machi alifunga kila siku, na sisi tuliokuwa tukikaa naye baada ya Alasiri tulimsifu kwa jambo hilo. Tulisema mbele ya vijana: "Mtazameni mzee huyu, kisha nyinyi mwalalamika kiu!" Maneno hayo tuliyadhani kuwa ni mawaidha mema, naye akiyasikia hutabasamu. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba siku mbili tatu alikuwa akiona kizunguzungu, lakini akaona haya kuifungua saumu yake baada ya kusifiwa vile.

Siku moja hakuja. Tulipokwenda kumzuru tulimkuta kitandani, madirisha yamefungwa, juu yake bati, ngozi yake ya moto kama jiwe la juani, naye asema maneno yasiyofahamika na kumwita nduguye aliyekufa zamani. Majirani walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba amepandwa na pepo, na mtu ametumwa kumleta mganga aje amwandikie kombe. Bahati njema alikuwapo kijana mmoja aliyesomeshwa huduma ya kwanza. Alifungua madirisha, akamvua kanzu, akamwagia maji na kumpepea, na papo hapo akatafuta gari akampeleka hospitali. Mganga alipowasili alikuta kitanda kitupu.

Basi twajiuliza: ni nani aliyemtia mzee yule katika hali ile? Si pepo wala jini. Ni joto, na saumu isiyomlazimu, na sifa zetu.

Wako kati yetu wadhanio kwamba kila mashaka yampatayo mtu juu ya mwili wake ni thawabu, na kwamba kuvumilia jua ni sehemu ya ucha Mungu. Dhana hii ni kongwe, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliipinga. Imesimuliwa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alikuwa akikhutubu akamwona mtu amesimama juani, akauliza khabari zake. Akaambiwa kwamba huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aambiwe aseme, aingie kivulini, akae kitako, na saumu yake aitimize. Tazameni, ndugu zetu, namna alivyoipambanua nadhiri ile. Saumu aliibakisha kwa sababu ni ibada iliyowekwa na Mungu na mtu yule aliiweza. Ama kujianika juani aliitupilia mbali, kwa kuwa haikuwa ibada hata siku moja.

Na saumu yenyewe nayo ina mpaka wake. Jabir bin Abdillah asimulia kwamba Mtume alipokuwa safarini aliona watu wamesongamana juu ya mtu mmoja, wamemtilia kivuli. Alipouliza, alijibiwa kwamba mtu huyo amefunga. Akasema kwamba kufunga katika safari namna hiyo si katika wema. Yule alikuwa msafiri, na huenda alikuwa mtu mwenye nguvu zake. Jee, vipi mzee wa miaka themanini, mwenye kisukari, katika chumba cha bati?

Katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu amewawekea fidia ya kumlisha maskini wale ambao kufunga kwawaelemea. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamesema kwamba mzee asiyeiweza saumu, au aiwezaye kwa mashaka makubwa, hula, na hutoa mudd moja ya chakula cha mji kwa kila siku, wala hana kadha. Tena wamesema kwamba mtu akikhofia kuangamia kwa saumu, basi kufungua kwamlazimu, na kushikilia kufunga huwa ni kosa. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi, alipokuwa mzee sana aliacha kufunga na akimlisha maskini mkate na nyama kila siku. Hatukupata kusikia kwamba Sahaba walimcheka Anas. Sisi twamcheka mzee wetu akionekana na kikombe cha maji mchana, au twamtazama kwa jicho ambalo ni baya kuliko kicheko. Naye kwa kuogopa jicho hilo hujificha na kiu yake.

Huenda mtu akatujibu kwa aya ya Suratut-Tawba inayowataja wanafiki waliowaambia watu wasitoke katika joto, nao wakajibiwa kwamba moto wa Jahannamu ni mkali zaidi. Twamsikia sana msemaji huyu, na kila kaskazi hurudi. Lakini aya ile yawahusu watu wazima wenye nguvu na mali waliojitoa katika safari ya Tabuk, wakalifanya joto kuwa kisingizio. Na lau msemaji wetu angeendelea kusoma sura hiyo hiyo kwa kurasa chache, angefikia mahali ambapo Mwenyezi Mungu amewatoa lawamani madhaifu na wagonjwa na wasiokuwa na cha kutumia. Kusoma nusu ya habari na kumpiga nayo mzee si elimu.

Mwengine atasema kwamba ajali ni ya Mungu, na siku ya mtu ikifika haizuiliki kwa pepeo. Ni kweli kwamba ajali ni ya Mungu. Lakini Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Na Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kufungua dirisha ni kadari, na kulifunga ni kadari. Na kila moja mtu ataulizwa juu yake.

Yafaa sasa tueleze ni kwa nini mzee ana khatari kuliko kijana, kwani wengi hudhani kwamba mzee amezoea joto kwa kuishi nalo miaka mingi. Mambo ni kinyume. Mtu akishakuwa mzee hupungukiwa na hisia ya kiu, mwili wake waweza kukauka na asione haja ya maji. Jasho lake huwa chache na huchelewa kutoka. Moyo, ambao katika joto hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kuipeleka kwenye ngozi ili ipoe, huwa tayari umechoka. Na figo vile vile. Kisha ziko dawa, kama zile za kutoa maji mwilini, na baadhi ya dawa za presha na za maradhi ya akili, zinazozidisha khatari hiyo. (Wala mtu asiziache dawa zake kwa kusoma maneno haya, na amwulize daktari kabla ya kaskazi na kabla ya Ramadhani.) Na aliye kiwete, au aliyepotewa na fahamu kwa uzee, hawezi hata kuinuka kwenda kwenye mtungi.

Joto la ndani ya mwili likifika digrii 40, akili huvurugika. Mtu hubabaika, husema ovyo, huanguka, huenda akapata kifafa. Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoharibikiwa, kwa sababu dalili hizo tumezipa jina la pepo tangu zamani. Mzee aliyebadilika maneno ghafula siku ya joto hataki kombe, na asiyekuwa na fahamu akinyweshwa kombe au maji kwa nguvu aweza kupaliwa akafa. Atolewe mahali pa joto, apunguzwe nguo, arowanishwe maji mwili mzima na apepewe bila ya kukoma, na khasa shingoni na kwapani awekwe baridi. Na wakati huo huo apelekwe hospitali. Kusoma Qur'ani juu yake ni kheri, na mwenye kusoma asome ndani ya gari.

Kwa mambo haya Waislamu tumekwisha kupata funzo kubwa lisilosahaulika. Katika Hija ya mwaka 2024, iliyoangukia katikati ya Juni, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika digrii 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba waliokufa ni 1,301, na kwamba 83 katika kila mia ya hao walikuwa hawana idhini ya kuhiji. Walitembea mwendo mrefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi ya siku nyingi. Twawaombea rehema wote. Lakini twasema wazi kwamba mtu akimchukua mzazi wake kwa njia ya mlango wa nyuma, pasina hema wala gari wala daktari, kwa kuwa bei ni nafuu, asijidanganye kwamba amemfanyia hisani. Hija imewekewa sharti ya uwezo, na afya ya mwili na usalama wa njia vimo katika uwezo huo. Mzee asiyeweza tena safari, akiwa na mali, sheria imempa mtu wa kumhijia.

Wala tusiseme kwamba haya ni ya Hija na jua la Bara Arabu tu. Mwaka 2003, mwezi wa Agosti, Ufaransa ilipatwa na joto ambalo watu wake hawakulizoea, wakafa kiasi cha watu 15,000, na walio wengi ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Ulikuwa wakati wa likizo, na watu wengi wamesafiri. Wazee wengi walikutwa wamekufa vyumbani mwao, peke yao. Mwanzo wa Septemba maiti 57 waliokuwa hawajatokewa na jamaa wa kuwachukua walizikwa katika makaburi ya Thiais, karibu na Paris, na Rais Jacques Chirac akahudhuria.

Tulipolisoma jambo hili katika darsa, mmoja wetu alisema: "Hao ndio Wazungu, hawana haja na wazee wao." Tukanyamaza kidogo. Kisha mwenziwe akauliza ni nyumba ngapi katika mtaa wetu ambamo mama mzee hubaki peke yake toka asubuhi mpaka Magharibi, watoto wako kazini, wengine wako Nairobi au Jedda na London, nao huleta pesa kila mwezi wala hawajui kama pepeo la umeme lililoko chumbani lafanya kazi. Tukahesabu kwa vidole, tukapita kumi kabla ya kufika pembe ya pili. Na usiku wa tarawehe je? Nyumba nzima hutoka, na bibi hufungiwa mlango kwa ajili ya wezi, na madirisha pia.

Katika Suratul-Israi Mwenyezi Mungu amekataza tusiwaambie wazazi wetu hata neno dogo la kuchoka nao, wakifikia uzee nao wako kwetu. Maneno hayo, "wako kwetu", yapasa kufikiriwa. Hayakukusudia pesa za mwezi. Na katika Suratul-Qasas tumesimuliwa habari ya Nabii Musa alipofika kisima cha Madyan, amechoka na safari, akawakuta wasichana wawili wamejitenga na wanyama wao kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Aliwanyweshea wanyama wao, kisha ndipo alipokiendea kivuli. Maji ya nyumba ya mzee yalitangulia kivuli chake yeye mwenyewe.

Basi yako mambo ambayo yamo katika uwezo wetu, na mengi hayataki mali. Maji ndiyo ya kwanza, na katika mji wetu ambao mifereji hukauka siku nyingi na watu hununua madumu kwa wenye mikokoteni, yafaa nyumba iweke dumu la mzee mbali, lisiguswe kwa kufulia. Asingojewe mpaka aombe. Apewe kidogo kidogo, na aliyefunga kwa uwezo wake anywe vizuri baina ya Magharibi na daku, wala daku isiachwe. Mzee asilazwe chumba cha bati ikiwa kuna chumba chengine. Wazee wetu waliojenga kwa mawe ya matumbawe kuta nene, na wale walioezeka makuti, walijua wakifanyacho. Sisi tumeezeka bati kwa sababu halivuji na halishiki moto upesi, na hatulaumu, lakini bati lataka dari chini yake, na dari hata ya mbao nyepesi au ya mikeka ni bora kuliko kukosa. Pepeo la umeme hufaa katika joto letu la digrii 33; lafaa zaidi mtu akiwa amejirowesha maji. Katika nchi ambazo hewa yapita digrii 40, pepeo humpulizia mtu moto, na mwenye kuhiji ayajue hayo.

Na misikiti nayo ina hisa yake. Mtume ameamuru kwamba joto likiwa kali Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupungue, na madhehebu yetu yaisunisha jambo hilo katika nchi ya joto kwa jamaa waijiao msikitini toka mbali. Ni sunna iliyosahauliwa kwetu. Twaona Ijumaa wazee wamekaa nje juu ya mikeka, jua la utosini, ndani vijana wamewahi mahali penye pepeo, na khatibu amerefusha khutba mpaka nusu saa. Ilhali Mtume amesema kwamba kufupisha khutba ni alama ya fahamu ya mtu, na alimkasirikia imamu aliyewarefushia watu Sala, akimkumbusha kwamba nyuma yake wako wazee na madhaifu. Hatumtaji mtu. Lakini kuwaachia wazee safu za ndani miezi miwili hii si jambo la kungojea fatwa. Na maziko ya saa saba mchana, mzee asimame kivulini. Amekwisha kumsalia maiti, na thawabu yake haipungui kwa kuwa hakusimama ukingoni mwa kaburi.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vifo vya joto kwa watu waliopita miaka 65 vilizidi kwa kiasi cha asilimia 85 baina ya miaka ya 2000 hadi 2004 na miaka ya 2017 hadi 2021. Ulimwengu wazidi kuwa moto, na wazee wazidi kuwa wengi.

Kwa upande wetu, darsa imeandika majina ya wazee wakaao peke yao katika mitaa iliyozunguka msikiti, kwa idhini yao, na kila kijana amepewa nyumba mbili. Hugonga mlango saa sita na saa kumi, akatoa salamu, akatazama maji na madirisha, akasikiliza kama mzee anajibu kama ada yake. Wako waliotufukuza mwanzo wakidhani twaomba sadaka. Sasa wengine hutungojea mlangoni. Nyumba ambayo haijaandikwa na ina mzee, jamaa watuarifu baada ya Sala ya Alasiri.

Ama yule mzee wetu, alikaa hospitali siku nne, Mungu akamponya. Ramadhani iliyobakia alikula, na binti yake akatoa fidia kwa kila siku aliyokula. Baada ya Idi alirudi darsani, akakaa mahali pake pa siku zote karibu na nguzo, na akataka asomewe hadithi ya Abu Israil, ambayo aliisikia kwa yule kijana walipokuwa garini. Tulipoimaliza alituuliza kwa nini hatukuisoma mwezi wa Shaabani. Hatukuwa na la kumjibu, na ndiyo sababu tumeiandika hapa sasa, kabla Ramadhani haijaandama.